Maji Yapo Kitongoji cha Juu

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, Gasper, karani wa ofisi ya maji pale Newala, alifungua madirisha, akamwagia mche wa mpapai maji aliyonawia jana, kisha akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta na kuipangusa vumbi. Kitambaa alikifuma mkewe, maua mekundu juu ya uzi mweupe. Kompyuta ililetwa na mradi wa wafadhili. Mradi ulipofungwa, wenyewe waliondoka na magari yao na majokofu yao, kompyuta wakaiacha kwa maelezo kwamba imezeeka. Ilikuwa na miaka minne. Vitu vya wenzetu huzeeka upesi.

Jumatatu moja ya Juni 1998, ukungu wa bonde la Ruvuma ukiwa bado umelala mjini, Gasper alipangusa akakuta upande wa kulia wa kompyuta haupo. Haukuvunjika wala haukuibwa. Ulikuwa umeingia ukutani taratibu, kama maji yanavyonywewa na mchanga. Akapangusa upande uliobaki, akaketi, akaandika barua ya kuomba vipuri vya pampu.

Ijumaa kipanya kilizama mezani. Katikati ya Julai kioo kilikuwa chembamba kiasi kwamba mtu aliweza kusoma kalenda iliyotundikwa nyuma yake, na Agosti ilipoanza, chini ya kitambaa palibaki meza tupu. Gasper aliendelea kukiondoa kitambaa asubuhi na kukirudisha jioni. Aligonga mbao za meza kwa vidole vyake kumi, na barua zikatoka kwenye upenyo wa juu ya mlango, zina joto, zimepangwa vizuri, makosa machache kuliko zamani. Mkuu wa ofisi alipohesabu mali za serikali mwezi ule aliandika: kompyuta, moja, hali nzuri. Hakusema uongo. Ilifanya kazi hata umeme ulipokatika.

Hakuna aliyeshtuka, na sababu ipo. Ilikuwa miaka ya vitu kupotea. Ruzuku ya pembejeo ilipotea, viwanda vya korosho vilifungwa milango, na watumishi kumi na wanne wa ofisi ile walipunguzwa kwa barua moja. Kompyuta angalau ilipotea huku ikifanya kazi.

Kutoka ofisini ilitambaa. Mwisho wa Agosti ilishafika kwenye mabenchi ya zahanati, ambayo yalijua zamu ya nani imefika na yakamwinua mtu kidogo ili asimame. Kule Kitangari, jembe lilianza kukoma lenyewe mwenye kulima alipofika mpaka wa jirani, na ugomvi wa mashamba ukapungua hadi wazee wa baraza wakakosa kazi na kununa. Huko Makote nyungo zilizikataa korosho mbovu: mtu akipepeta, zile mbovu zilirukia pembeni zenyewe. Watu walizoea ndani ya wiki moja. Kitu kikikusaidia bila kukuuliza jina la baba yako, unakiuliza wewe kimetoka wapi?

Katika kitongoji cha Juu, upande wa Makote, ilimfikia Dorika kupitia mtungi wake wa maji. Asubuhi jasho la mtungi lilijipanga kuwa herufi juu ya udongo. Siku ya kwanza liliandika: Kata sita zimebaki.

“Najua,” Dorika akauambia mtungi, akachota moja, zikabaki tano.

Dorika, ambaye wote walimwita Mama Emmanuel, alikuwa mjane wa miaka sitini na kitu. Alikuwa na nyumba ya bati aliyoijenga pamoja na marehemu mumewe, Benedikto, mikorosho ishirini na mitatu, na kaburi la Benedikto katikati ya mikorosho hiyo. Alikuwa pia na goti la kushoto lililokuwa likilia kama bawaba. Na goti ndilo lililokuwa na neno la mwisho, kwa kuwa maji ya watu wa Juu yako chini. Aliye juu mngoje chini, husema wahenga, lakini hawakuwa wakizungumzia maji, kwani maji hayapandi. Wanawake wa Juu waliteremka genge, ule mteremko mkali wa mawe, hadi chemchemi ya bondeni, wakapanda na ndoo kichwani, majani yakielea juu yake ili maji yasimwagike. Mvua za El Nino zilikuwa zimejaza kila chombo, toka matangi ya mapaa hadi makopo, lakini mwezi wa tisa zilikuwa zimebaki hadithi tu. Mtoto wake, Emmanuel, fundi cherehani mjini Masasi, alikuwa ametuma ujumbe: kama maji hayatafika kitongojini kabla ya mvua, atakuja na gari kumchukua. Amemwekea chumba, na uani pana bomba.

Dorika hakutaka kwenda. Alisema wazi kwa kila aliyeuliza: anampenda mwanawe, lakini hataki kufia kwenye chumba cha watu huku Benedikto akimsubiri peke yake kati ya mikorosho. Alichotaka ni kitu kimoja, maji yafike, abaki kwake.

Bomba lilikuwepo. Lilisimama katikati ya kitongoji, limejengewa sakafu ya saruji na kibao chenye tarehe, nalo lilikuwa kavu. Mafundi hawakuwahi kuja kulitazama, kwa sababu kwenye kumbukumbu za Newala iliandikwa kwamba Kitongoji cha Juu maji yapo. Na kila asubuhi mtungi wa Dorika, ukishamaliza kuhesabu kata zilizobaki, uliyaandika maneno hayo hayo chini yake. Aliyafuta kwa ncha ya kanga. Mtungi ulitoa jasho tena, ukaandika tena.

Hapa lazima isemwe jinsi maji yalivyopata kuwepo.

Miaka miwili nyuma, mgeni rasmi alikuwa aje kuzindua bomba. Siku tano kabla, mhandisi wa mradi alimfuata mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Bwanali, akamnong’oneza kwamba bomba kuu halijafika, limeishia kilomita kumi kutoka hapo, lakini tarehe haiwezi kusogezwa. Akauliza kama wenyeji wanaweza kusaidia kidogo. Bwanali aliwaita wanawake. Hakuwaamuru, maana hakuwa na haja. Kwa watu wa uwanda wa juu, mgeni hupokewa kwa maji ya kunawa kabla hajaulizwa habari, hata kama ni kata ya mwisho, na anayeonyeshwa mtungi mkavu ameonyeshwa njia ya kurudi kwao. Mgeni afike mbele ya halaiki, afungue bomba, litoke vumbi? Wangeitwa nani baada ya hapo?

Dorika ndiye aliyewapanga. Wanawake kumi na wanane, siku nne, safari mbili kwa siku, ndoo mia moja arobaini na nne. Walizimimina kwenye tangi la saruji nyuma ya bomba, wakalifunika kwa makuti. Mgeni akafungua, maji yakatoka, ngoma zikalia. Akanawa, akanywa glasi moja, akasema ni matamu. Kisha akatoa hotuba kuhusu wananchi kuchangia gharama za huduma, na bomba likawa wazi muda wote wa hotuba, kwa sababu hakuna aliyethubutu kulifunga mbele yake. Dorika alisimama mstari wa mbele akiyatazama maji yakiingia mchangani. Aliona uchungu kuliko siku ya msiba wa mumewe. Gasper, aliyekuja na mradi na daftari lake, alilowa viatu. Jioni alirudi Newala akaiambia kompyuta alichokiona.

Kwa hiyo mwezi huo wa tisa Dorika alivaa kitenge chake cha kanisani, akapanda gari la mizigo hadi Newala, akaingia ofisini akichechemea.

“Shikamoo mama,” Gasper akasema, akamsogezea kiti.

“Marahaba mwanangu. Nimekuja kukanusha.”

Akaeleza. Gasper alimsikiliza hadi mwisho, akaondoa kitambaa kwa heshima, akagonga meza. Karatasi ikatoka juu ya mlango ikamwangukia mapajani. Dorika alikuwa amesoma elimu ya watu wazima na hakuhitaji kusomewa. Kitongoji cha Juu, maji yapo. Gasper akamweleza kwa upole kwamba mashine haitungi, inashika inachoambiwa, na yeye siku ile aliyaona maji kwa macho yake.

“Uliyaona,” Dorika akasema. “Lakini hukuuliza yametoka wapi.”

Gasper akakubali kwamba hakuuliza.

Wanawake wa Juu walikuwa wameapa kutolisema jambo lile. Kumtangazia mgeni kwamba ulijinyima ili umpokee ni kumdai, na hakuna aibu inayozidi hiyo. Dorika aliitazama meza tupu, akaona haya kama yuko mbele ya padri.

“Tuliyabeba sisi,” akasema. “Mgeni tungempaje bomba kavu?”

Hakuwa amemaliza, karatasi ya pili ikatoka, ndefu hadi sakafuni. Kompyuta ilikuwa inajua. Ilikuwa imeshaingia kwenye ndoo, kwenye kata, kwenye mawe ya njia ya genge, na vitu hivyo vilikuwa vimeiambia vyote vilivyokumbuka. Yalikuwemo majina kumi na manane. Ilikuwemo kila safari na mahali kila mmoja alipopumzika. Iliandikwa nani alimwaga robo ndoo akarudi kuijaza bila kuambiwa. Na kwenye jina la Paulina, jirani yake Dorika, iliandikwa: Ndoo ya tano. Alianguka kwenye jiwe la pili. Mimba ya miezi minne haikusalimika.

Jambo hilo walilijua Dorika na Paulina peke yao. Walilizika pamoja chini ya mkorosho wa mwisho, siku moja kabla ya uzinduzi, na Paulina akaamka siku ya pili akapiga vigelegele na wenzake. Dorika alilia pale ofisini, kimya, akijifuta kwa kitenge. Gasper alitazama dirishani. Kisha akaketi vizuri, akagonga meza kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kugonga, akiomba kumbukumbu isahihishwe kulingana na ukweli uliopatikana.

Ukungu uliingia ofisini ukatoka. Karatasi ya tatu ilikuwa fupi.

Kitongoji cha Juu. Maji yapo. Chanzo: Dorika na wenzake kumi na saba. Hali ya chanzo: kinafanya kazi. Kasoro: goti la kushoto. Fundi atatumwa.

“Imesahihisha,” Gasper akasema. Hakumtazama usoni.

Dorika aliisoma mara tatu. Njiani akirudi aliikunja, akaikunjua, na kila alipofika kwenye maneno ya mwisho alipata nafuu kidogo. Kwa miaka miwili hakuna fundi aliyetumwa. Fundi akija, alimwambia Paulina, atafika kwenye bomba, na bomba lenyewe litamsimulia, hata asiye na macho ataona. Paulina, aliyekuwa mjamzito tena na miezi yake ikihesabika, alikubaliana naye. Wanawake wakafagia sakafu ya bomba. Mzee Bwanali akasugua kibao kwa majivu hadi tarehe ikasomeka.

Fundi alikuja baada ya wiki mbili kwa baiskeli, kijana mstaarabu aitwaye Sharifu, na sanduku la spana. Aliwaamkia wazee mmoja mmoja. Akauliza chanzo kiko wapi. Bwanali akanyoosha mkono kwenye bomba. Sharifu akatoa karatasi yake, akasoma, akauliza yupi ni Dorika.

Akamwomba aketi kwenye kigoda. Akaligonga goti kwa mpini wa bisibisi, akainamisha sikio kulisikiliza, akamwomba alikunje na kulinyoosha. Akasema tatizo si kubwa. Akafungua kopo la grisi, akalipaka kwa kidole, pande zote mbili, akalikaza kidogo, akafuta mabaki kwa tambara safi. Dorika akasimama. Goti halikulia. Halikuuma pia. Alitembea hadi mlangoni na kurudi, na wanawake wakatazamana.

“Ahsante mwanangu,” akasema, maana adabu ni adabu.

Bwanali akamwomba fundi, kwa kuwa ameshafika, alitupie jicho na bomba. Sharifu alijibu kwa masikitiko ya kweli kwamba bomba halimo kwenye karatasi yake. Aliandika: chanzo kimekarabatiwa. Alipewa kata ya maji anawe, akanawa, akaondoka.

Kuanzia siku hiyo Dorika aliteremka genge kama msichana. Safari mbili, mara nyingine tatu. Mtungi wake ulijaa, na asubuhi jasho liliandika kwamba maji yapo, na ilikuwa kweli. Watu wakamwambia ana bahati, sasa hana haja ya kuhama. Yeye hasira zilimpanda zikakataa kushuka. Alikuwa ameomba maji yaje kwake, akajibiwa kwamba maji ni yeye. Mwezi wa kumi na moja ulipoingia alitamka neno ambalo hakuna aliyetegemea kulisikia: anahama. Alikwenda kwenye kaburi la Benedikto akakaa nalo mchana kutwa, akamweleza yote, akamwomba radhi. Kisha akafunga godoro.

Emmanuel alikuja na pikapu ya kukodi na dereva wake. Wakapakia godoro, sufuria, jembe na kuku wanne. Dorika akaagana na wenzake, akapanda mbele, akaketi. Injini ikazima.

Dereva akaiwasha, ikakataa. Emmanuel akamwomba mama ashuke wasukume. Aliposhuka, injini ikawaka yenyewe. Akapanda, ikazima. Mara ya tatu, kwenye vumbi la kioo cha mbele, herufi zikajipanga taratibu: Chanzo kinahudumia kaya thelathini na nane. Hakihamishwi bila kibali.

Dereva alisoma, akakuna shingo, akauliza kama mama ana kibali. Kibali hutolewa Newala, alisema, na yeye alikuwa amelipwa kwa safari ya Masasi tu. Hakuwa mtu mbaya. Alishuka akasaidia kushusha godoro.

Emmanuel alikaa chini ya ukuta wa nyumba yao akalia, mtu mzima mwenye watoto watatu. Alisema atakwenda ofisini, atakwenda hadi mkoani. Mama yake alimwacha aseme hadi alipomaliza, akamfuta uso kwa kiganja kama alivyokuwa akimfuta akiwa mdogo.

“Nenda mwanangu,” akamwambia. “Ukifika kwako, kunywa maji.”

Emmanuel alikwenda Newala kweli, mara mbili. Gasper aliondoa kitambaa kila mara, akagonga meza, na kila mara jibu lilikuwa kwamba ombi limepokelewa. Mara ya pili Gasper alimtolea soda kwa fedha yake mwenyewe.

Mvua zilichelewa. Wiki ya pili ya Desemba, wakati wanaume wakiwa kwenye mikorosho, Paulina alijifungua mtoto wa kike nyumbani kwake, salama, kwa mikono ya Dorika. Maji ya kumwogeshea yalikuwa yamebebwa asubuhi ile. Dorika alimwosha kwenye beseni, akampangusa, akamkabidhi kwa mama yake, na ndipo alipotazama chini. Maji yaliyomwagika kwenye sakafu ya udongo yalikuwa hayajanywewa. Yalikuwa yamejipanga.

Chanzo cha akiba: mtoto wa Paulina. Jina litajazwa.

Paulina alisoma akiwa amelala ubavu. Alinyoosha mguu akayafuta kwa kisigino. Yakarudi. Alimvuta mtoto kifuani akamshika kwa nguvu mno, hadi Dorika akamwambia amlegeze.

“Basi hatumpi jina,” Dorika akasema.

Wakakubaliana. Siku ya saba ilipita bila jina, siku ya arobaini pia. Bwanali alikuja kuuliza aandikishwe nani, akaambiwa bado. Padri aliuliza, akaambiwa bado. Baba wa mtoto alipewa sababu, naye akakubali. Nyumba nzima ilimwita mtoto, na wanawake wote wa Juu, ambao ni wasemaji wazuri wakiachiwa, walimwita mtoto, wala hakuna aliyeteleza. Na sakafuni, kila alipoogeshwa, maneno yalikaa na nafasi yake tupu, yakisubiri bila haraka.

Mwisho wa Februari, saa nne asubuhi, mvua imekatika na jua limeingia mlangoni, Paulina alikuwa akimwogesha. Mtoto alikuwa amenenepa. Alipiga maji kwa miguu yote miwili, akamlowesha mama yake uso, akamtazama, akacheka kicheko cha sauti, cha kwanza maishani mwake. Paulina naye akacheka. Alikuwa hajacheka hivyo tangu ndoo ya tano. Akamwinua juu, maji yakichuruzika, akamwita kwa jina alilokuwa amelificha moyoni tangu mimba.

“Furaha,” akamwambia. “Furaha wangu.”

Kisha akamshusha kifuani. Dorika, aliyekuwa mlangoni na ndoo kichwani, alikuwa amesikia. Wote wawili walitazama sakafuni, ambako maji yalikuwa yanamalizia kuandika.